Kwa nini Cadbury ilinunuliwa, Hershey ikabaki?

Msomaji mmoja anayesomea biashara ametuandikia: "Nimesoma kwamba kampuni za chokoleti za Uingereza, yaani Fry, Rowntree na Cadbury, zote zilimezwa na wageni, lakini Hershey na Mars za Marekani na Ferrero ya Italia bado ziko mikononi mwa wenyewe. Je, Waingereza walishindwa kutengeneza kitu kizuri, au waliishiwa fedha? Halafu mbona KitKat ya Marekani inatengenezwa na Hershey wakati wote tunajua ni ya Nestlé?"

Ndugu msomaji, hawakushindwa wala hawakuishiwa. Rowntree mwaka 1988 na Cadbury mwaka 2010 zilikuwa kampuni zenye faida na chapa zinazopendwa, na ndiyo maana wanunuzi walizitolea macho. Jibu la swali lako halimo kiwandani. Limo kwenye daftari la wanahisa: nani alikuwa na kura, na alizipataje. Kidogo tu nikurekebishe kuhusu Fry, kwamba yenyewe haikuchukuliwa na wageni. Iliungana na Cadbury mwaka 1919 na kwa vitendo ikawa chini yake, kwa hiyo ilipotea ndani ya nyumba ya jirani muda mrefu kabla Wamarekani hawajabisha hodi.

Ili kuelewa hisa hizo zilifikaje zilikofika, inabidi turudi nyuma.

Kwa karne nyingi kakao ilikuwa kinywaji. Wamaya na Waazteki waliinywa, Wahispania wakaipeleka Ulaya katika karne ya 16, na huko ikabaki starehe ya wenye nacho. Taabu yake kubwa ilikuwa mafuta. Punje za kakao zikikaangwa na kusagwa hutoa uji mzito wa kahawia, na zaidi kidogo ya nusu ya uji huo ni mafuta matupu. Ukiukoroga katika maji ya moto, mafuta yanapanda juu na kutanda. Watengenezaji wa zamani walikuwa wakitia wanga wa viazi au sago ili kuyanyonya, na wasio na haya wakaongeza hata vumbi la tofali kupata rangi. Mwaka 1828 familia ya Van Houten ya Amsterdam ilipata hataza ya mashine ya kukamua. Uji unaingia, unabanwa kwa nguvu, siagi ya kakao inachuruzika upande mmoja na upande wa pili linabaki bonge gumu linalosagwa kuwa unga mwepesi wa kinywaji.

Sasa wakawa na siagi ya ziada. Ifanyiwe nini? Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol ilichanganya siagi hiyo na unga wa kakao na sukari, ikamimina rojo kwenye kalibu, likaganda likawa kipande cha kutafuna. Biashara nzima ya chokoleti unayoiona leo imesimama juu ya mabaki hayo ya kinywaji.

Cadbury walichelewa kidogo. John Cadbury alifungua duka la chai, kahawa na kakao mjini Birmingham mwaka 1824, akaanza kutengeneza mwenyewe mwaka 1831, lakini wanawe Richard na George walipokabidhiwa kazi mwaka 1861 walikuta biashara iko hoi. Kila mmoja alizamisha humo pauni 4,000 za urithi wa mama yao. Mwaka 1866 walinunua mashine ya Van Houten na kutoa unga wa kakao usio na wanga wala uchafu, wakautangaza kwa kusisitiza usafi wake, wakati ambapo Waingereza walikuwa na hasira na wachakachuaji wa vyakula na Bunge lilikuwa likitunga sheria dhidi yao. Wengi wanaosimulia habari za Cadbury hukimbilia Dairy Milk ya mwaka 1905. Mimi naona kampuni iliokolewa na unga huu wa 1866. Bila huo pasingekuwa na kiwanda cha Bournville mwaka 1879 wala chochote kilichofuata.

Fry, Cadbury na Rowntree walikuwa wote wa madhehebu ya Quaker, na jambo hilo lina uzito katika swali lako. Kwa muda mrefu vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge viliwafungia watu wasio wa Kanisa la Uingereza, kwa hiyo vijana wao wenye akili waliingia kwenye biashara. Walichukia pombe, na kakao ya moto ilikuwa kinywaji cha kumpa mfanyakazi badala ya bia. Mitaji yao ilitoka kwa baba, wajomba na wakwe. Hisa zilikaa ndani ya ukoo kwa sababu fedha nazo zilitoka ndani ya ukoo, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja ukoo ungeanza kuziachia.

Uswisi walikuwa wakihangaika na tatizo jingine, la maji. Maziwa mabichi yakiingia kwenye chokoleti, maji yake yanagombana na siagi ya kakao na bidhaa inaota ukungu. Daniel Peter wa mji wa Vevey, aliyekuwa ameoa katika familia ya Cailler ya watengenezaji chokoleti, alihangaika miaka kadhaa hadi mwaka 1875 alipofanikiwa kwa kutumia maziwa mazito yaliyokwisha kupunguzwa maji. Mjini humohumo Vevey aliishi Henri Nestlé, mfamasia mzaliwa wa Ujerumani aliyetengeneza unga wa maziwa na nafaka kwa watoto wachanga mwaka 1867. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba Nestlé mwenyewe hakuwa mtu wa chokoleti kabisa, na mwaka 1875 alikwisha kuiuza kampuni yake na kustaafu. Jina lilibaki kwa waliomnunua. Waliungana na mpinzani wao wa maziwa ya kopo, Anglo-Swiss, mwaka 1905, na kampuni iliyounganisha Peter, Cailler na Kohler ikaingia mikononi mwao mwaka 1929. Kwa hiyo Nestlé imekuwa ikikua kwa kununua tangu zamani. Rodolphe Lindt wa Bern naye mwaka 1879 alipata njia ya kukanda rojo la chokoleti kwa saa nyingi hadi likawa laini. Miaka 20 baadaye aliuza siri na jina kwa Sprüngli wa Zürich.

Sasa Marekani, ambako jibu lako linaanza kuonekana.

Milton Hershey alikuwa fundi wa pipi aliyefilisika Philadelphia na kuambulia patupu New York kabla ya kutajirika kwa karameli mjini Lancaster, Pennsylvania. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, aliona mashine za chokoleti za Lehmann wa Dresden zikifanya kazi, akazinunua. Mwaka 1900 aliuza biashara ya karameli kwa dola milioni 1, akabakiza chokoleti peke yake. Wenzake walijenga viwanda karibu na bandari. Yeye akajenga chake katikati ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa, akakizungushia mji. Hakujaliwa watoto. Mwaka 1909 yeye na mkewe Catherine walianzisha shule ya mayatima, na mwaka 1918, baada ya mkewe kufariki, alihamisha karibu mali yake yote, zikiwemo hisa za kampuni, kwenye wakfu wa shule hiyo. Kampuni iliingia soko la hisa mwaka 1927, lakini wakfu ukabaki na usukani. Baadaye hisa ziligawanywa katika madaraja mawili, na zile za wakfu zikapewa kura 10 kwa kila hisa moja. Mtu wa nje anaweza kununua hisa zote za kawaida zinazouzwa sokoni na bado asiweze kuushika usukani wa kampuni.

Mars walichagua njia fupi zaidi, kutoingia sokoni kabisa. Frank Mars alianza na pipi mwaka 1911 huko Tacoma, akafanikiwa na Milky Way katika miaka ya 1920, na chokoleti ya kufunikia pipi zake alikuwa akiinunua kwa Hershey. Mwanawe Forrest aligombana naye, akahamia Uingereza, na mwaka 1932 akaanza kutengeneza Mars katika kiwanda kidogo cha Slough, safari hii akinunua chokoleti kwa Cadbury. Aliporudi Marekani aliungana na Bruce Murrie, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa rais wa kampuni ya Hershey, wakatoa M&M's mwaka 1941. Herufi mbili za M ni za Mars na Murrie. Vita vilikuwa vinasogea, chokoleti ingeadimika, na Forrest alikuwa amejihakikishia mlango wa Hershey uko wazi. Baadaye alimlipa Murrie akatoka, na mwaka 1964 akaziunganisha kampuni yake na ya marehemu baba yake. Hisa zote ziko kwa familia mpaka leo. Ferrero ya Alba, iliyoanza mwaka 1946 kwa kutumia karanga za hazeli wakati kakao ilikuwa haba baada ya vita, nayo haijawahi kuuza hisa sokoni.

Linganisha na Rowntree ya York. Joseph Rowntree alikuwa na fikra zilezile za Hershey, tena alimtangulia: mwaka 1904 aliweka sehemu kubwa ya mali yake katika wakfu tatu. Kampuni ikastawi. Ndani ya miaka michache ya 1930 ilitoa KitKat, Aero na Smarties, mfululizo ambao sidhani kama kuna kiwanda kingine kimewahi kuufikia. Lakini wakfu zile ziliuza hisa kidogo kidogo, kwa sababu inayoeleweka kabisa, maana si busara kwa shirika la hisani kuweka mali yake yote kwenye kampuni moja ya pipi. Muungano na kampuni ya pipi ya Mackintosh mwaka 1969 ukapunguza fungu lao zaidi. Ilipofika miaka ya 1980 hisa nyingi zilikuwa mikononi mwa mifuko ya pensheni na kampuni za bima, watu wasiokuwa na deni la moyo kwa mtu yeyote wa York.

Asubuhi ya tarehe 13 Aprili 1988, soko la London lilipofunguliwa tu, madalali wa Jacobs Suchard ya Uswisi walianza kuzoa hisa za Rowntree. Kabla watu hawajapata kifungua kinywa walikuwa na karibu asilimia 15. Nestlé, iliyokuwa ikiimezea mate Rowntree muda wote, ikaona itapigwa bao na jirani yake, nayo ikaingia. Hisa iliyokuwa chini ya pensi 500 kabla ya rabsha ilimalizikia kwenye pensi 1,075, na Nestlé ikaondoka na Rowntree kwa karibu pauni bilioni 2.5. Wafanyakazi waliandamana, wabunge walipiga kelele, serikali ikasema ni suala la soko. Kilichowauma Waingereza zaidi ni kwamba wao wasingeweza kuinunua Nestlé hata wangetaka: wakati ule hisa zake za majina, yaani zile zinazosajiliwa kwa jina la mwenye nazo, zilikuwa kwa Waswisi tu. Nestlé iliondoa kizuizi hicho Novemba mwaka huohuo, Rowntree ikiwa imekwisha kutua kapuni.

Nikiwa hapo hapo, Suchard. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1990, Klaus Jacobs aliuza chokoleti na kahawa yake kwa Philip Morris, kampuni ya sigara ya Marekani, ambayo ilikuwa imekwisha kununua kampuni za vyakula, General Foods mwaka 1985 na Kraft mwaka 1988. Lakini alibakiza kitengo cha Callebaut, kinachotengeneza chokoleti ya jumla kwa ajili ya viwanda vingine. Mwaka 1996 kiliunganishwa na Cacao Barry ya Ufaransa kikawa Barry Callebaut. Hawa leo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa chokoleti duniani na mlaji wa kawaida hajawahi kusikia jina lao, kwa sababu wanawauzia wenye majina. Kama unaandika tasnifu, chunguza huko. Ni sehemu yenye utajiri kuliko vita vya chapa.

Cadbury ilifuata njia ileile ya Rowntree, polepole zaidi. Iliuza hisa sokoni miaka ya 1960, ikaungana na Schweppes ya vinywaji mwaka 1969, na kwa kila hatua fungu la familia likawa jembamba. Mwaka 2008 vinywaji vilitenganishwa na pipi, ikabaki Cadbury tupu, nzuri, isiyo na mlinzi. Septemba 2009 Kraft ilijitokeza na ofa ya takribani pauni bilioni 10.2. Bodi ikakataa na kusema kampuni ina thamani zaidi. Angalia kilichotokea baada ya hapo, maana ndicho kiini cha jibu langu. Wafanyabiashara wa muda mfupi walianza kununua hisa za Cadbury si kwa kupenda chokoleti bali kwa kubashiri kwamba Kraft itapandisha bei. Wakati ofa inatangazwa walikuwa na takribani asilimia 5 ya hisa. Miezi michache baadaye walikuwa wanakaribia theluthi. Mtu aliyenunua wiki tatu zilizopita ili auze wiki ijayo hawezi kukataa nyongeza. Januari 2010 Kraft iliweka mezani pensi 840 pamoja na gawio maalumu la pensi 10 kwa hisa, jumla kama pauni bilioni 11.5, na bodi ikakubali. Sehemu ya fedha hizo Kraft iliipata kwa kuiuzia Nestlé biashara yake ya piza kwa dola bilioni 3.7, jambo ambalo pia lilimwondoa mshindani mmoja njiani.

Kraft ilikuwa imesema itakiacha wazi kiwanda cha Somerdale, ambacho Cadbury yenyewe ilipanga kukifunga. Siku chache baada ya kuchukua kampuni ilitangaza kwamba kitafungwa. Jopo la Uingereza linalosimamia ununuzi wa kampuni liliikemea hadharani, na kanuni zikakazwa mwaka 2011. Mwaka 2012 Kraft nayo ikajigawa, na Cadbury ikaangukia upande ulioitwa Mondelez.

Usije ukadhani Hershey haikujaribiwa. Mwaka 2002 bodi ya wakfu wenyewe, kwa hoja ileile ya kutoweka mayai yote kapu moja, iliamua kuiuza kampuni. Wrigley, kampuni ya chingamu, ilileta ofa ya dola bilioni 12.5, Nestlé na Cadbury wakaja pamoja na dola bilioni 10.5. Mji ukasimama. Wastaafu, wafanyakazi na waliosomeshwa na shule hiyo waliweka mabango mbele ya nyumba zao, na mwanasheria mkuu wa Pennsylvania akaenda mahakamani kuzuia mauzo, kwa sababu wakfu wa hisani ulikuwa chini ya usimamizi wa jimbo. Septemba 2002 bodi ilipiga kura na kuachana na mpango, 10 kwa 7. Wajumbe wawili tu wangebadili upande, kila kitu kingebadilika. Mwaka 2016 Mondelez ilikuja na dola bilioni 23, ikakataliwa pia.

Kwa hiyo wakfu peke yake si kinga, kwani York walikuwa nao. Kilichookoa Hershey ni wakfu ulioshikilia kura bila kuuza, kura zenye uzito mara 10, na sheria ya jimbo iliyompa mwanasheria mkuu haki ya kuingilia.

Jambo moja nakuomba usilichanganye na hili: kubaki mikononi mwa familia hakumaanishi mikono safi. Mwaka 1901 William Cadbury alipata habari za shamba la São Tomé, koloni la Ureno, lililokuwa likiuzwa huku wafanyakazi wake wakiorodheshwa pamoja na mali. Watu hao waliletwa kutoka Angola na hawakurudi. Kampuni ilimtuma mchunguzi, Joseph Burtt, mwaka 1905. Ikaandikiana na serikali. Ikaendelea kununua kakao hiyo hadi Machi 1909. Gazeti la Standard lilipoiita unafiki, Cadbury ililishtaki kwa kashfa. Baraza la wazee wa mahakama mjini Birmingham liliipa ushindi, na fidia ya farthing moja, robo ya peni ya Kiingereza. Hukumu ya namna hiyo huhitaji kufafanuliwa na wakili? Ununuzi wao ulihamia Gold Coast, Ghana ya leo, na hadi sasa Ghana na Côte d'Ivoire ndizo zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, huku makao makuu ya wanunuzi yakiwa kwingine kabisa.

Familia zenye kura zote hazikukaa tu kujilinda, zimegeuka wanunuzi. Mars ilichukua Wrigley mwaka 2008 kwa dola bilioni 23, na mwaka 2024 ikatangaza kuinunua Kellanova, wenye Pringles, kwa karibu dola bilioni 36. Ferrero ilinunua Thorntons ya Uingereza mwaka 2015 na pipi za Nestlé za Marekani mwaka 2018 kwa dola bilioni 2.8. Asiyelazimika kumridhisha mwanahisa kila robo mwaka anaweza kusubiri hadi mwenzake achoke.

Na KitKat? Rowntree haikuwa na nguvu ya kusambaza Marekani, kwa hiyo mwaka 1970 Hershey ilianza kuitengeneza kule kwa leseni. Nestlé ilipoinunua Rowntree ilirithi kila kitu pamoja na mkataba huo, na mkataba hauna haraka ya kwisha mradi Hershey ibaki Hershey. Ikibadili mwenye nayo, haki ya KitKat ya Marekani inarudi kwa Nestlé. Mwaka 2002 kila aliyetaka kuinunua Hershey alilazimika kukitoa KitKat kwenye hesabu zake kabla ya kutaja bei, isipokuwa Nestlé mwenyewe.